Klorheksidini 0.2, 0.12 au 0.06: ipi ya kusukutulia mdomo, na zile nyingine zinaingia wapi

Tuanze na hesabu maana ndo inawachanganya wengi. Umeshika chupa mbili za klorheksidini, ile dawa ya kusukutulia inayopambana na bakteria wa mdomoni, moja imeandikwa 0.2% nyingine 0.12%, kichwani inakuja haraka kwamba ya kwanza ina nguvu karibu mara mbili, kwa hiyo fizi zinazotoka damu zitapona mapema zaidi, basi unabeba hiyo. Sasa geuza chupa usome kipimo. Ile ya 0.2 inakwambia sukutua na mililita 10, ile ya 0.12 inakwambia mililita 15. Asilimia 0.2 maana yake ni miligramu 2 kwenye kila mililita, mara 10 unapata miligramu 20. Ya 0.12 ni miligramu 1.2 kwa mililita, mara 15 ni miligramu 18. Ishirini na kumi na nane, ndo tofauti yenyewe hiyo! Kinachofanya kazi mdomoni ni jumla ya dawa iliyoingia, asilimia peke yake haikwambii kitu mpaka ujue unaimimina kiasi gani.

Ndo maana Marekani wamezoea 0.12 na Ulaya wamezoea 0.2 miaka yote hii na hakuna upande ambao meno yake yameoza kwa sababu ya hiyo namba. Tafiti zilizozipambanisha hizi mbili uso kwa uso ziliona ya 0.2 inazuia ukoga (utando laini wa bakteria unaoganda kwenye meno) zaidi kwa kitofauti kidogo sana, kidogo kiasi kwamba wewe kwenye kioo huwezi kukiona, na kwenye kuvimba kwa fizi tofauti haikuonekana. Kwa hiyo anayekwambia 0.12 ni dawa ya watoto mwache aongee.

Ila sasa usichukue 0.12 ukasukutua kifuniko kidogo cha mililita 5, hapo umeingiza miligramu 6 tu, umejidanganya. Na wale wanaoongeza maji kwenye 0.2 nusu kwa nusu kwa sababu inawasha, ukisukutua mililita 10 za huo mchanganyiko umepata miligramu 10, nusu ya dozi. Ukiongeza maji basi ongeza na ujazo unaosukutua, lakini kwa kweli ni bora ununue ya 0.12 kuliko kugeuza jikoni kuwa maabara.

Ilianzaje hii habari

Mwaka 1965 huko Denmark mtafiti wa meno Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wakawaambia waache kabisa usafi wa meno. Ndani ya siku 10 mpaka 21 wote fizi zikavimba. Waliporudi kwenye mswaki zikatulia kama ndani ya wiki hivi. Yaani ukoga ule mlaini unaoung'oa na kucha ndo chanzo. Alafu 1970 Löe na Schiött wakarudi na jaribio lingine, safari hii watu hawapigi mswaki lakini wanasukutua klorheksidini ya 0.2%, mililita 10, mara mbili kwa siku, na ukoga haukujijenga na fizi hazikuvimba. Kuanzia hapo hii dawa ikawa ndo kipimo, kila mauthiwoshi (maji ya kusukutulia mdomo) mpya ikija inapimwa dhidi yake.

Lakini angalia vizuri walichofanya, walianza na meno masafi kabisa. Klorheksidini inazuia ukoga mpya, haibomoi ule uliokomaa. Bakteria wakishajijenga kwa tabaka nene dawa inawagusa wa juu tu, na ukoga ukishageuka jiwe (lile gumu la njano au la kahawia shingoni mwa jino) unaweza kusukutua mwaka mzima halitoki, ni la kukwanguliwa na daktari wa meno. Ni kama kupaka rangi ukuta wenye matope. Kwa hiyo kabla hujaanza kubishana 0.2 au 0.12, jiulize meno yamesafishwa lini.

Na wengi wanategemea makubwa kuliko inavyoweza. Mwaka 2017 watu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaounganisha na kupima tafiti za tiba, walikusanya tafiti 51 zenye washiriki zaidi ya 5,000, za klorheksidini kama nyongeza ya usafi wa kawaida wa meno. Ukoga ulipungua sana, hilo halina ubishi. Ila kwa watu wenye uvimbe mdogo tu wa fizi, punguzo lilikuwa 0.21 kwenye kipimo kinachoanzia 0 mpaka 3, na wenyewe wakasema hicho kiwango hakina uzito kitabibu. Na kuhusu nguvu, hawakuona ushahidi kwamba kipimo kimoja kinakishinda kingine. Ina maana kama fizi zako zinatoka damu kidogo tu ukipiga mswaki, pengine unachohitaji ni mswaki mlaini na uzi wa kati ya meno, basi.

Sasa ziweke pembeni kwa pembeni

Ya 0.2%: mililita 10, mara mbili kwa siku, nyingi zinaandika dakika moja ingawa zipo za sekunde 30, fuata yako ilivyoandikwa. Ladha kali, inawasha zaidi kwa mwenye vidonda. Inafaa kipindi kifupi ambacho mswaki haufiki, mfano umetoka kufanyiwa upasuaji wa fizi au umeng'olewa jino na hutakiwi kugusa sehemu hiyo.

Ya 0.12%: mililita 15, sekunde 30, mara mbili. Kazi karibu ile ile, mdomoni ni pole kidogo. Kama daktari hajakutajia namba mimi ningechukua hii.

Ya 0.06 na 0.05%: hizi ndo za kuendelea nazo, zimetengenezwa kwa mtu anayetaka kutumia kwa muda mrefu zaidi bila meno kuchafuka sana. Mililita 10 za 0.06 ni miligramu 6. Ni dhaifu kwenye ukoga, hilo lazima ulikubali ukiichagua, na zile za 0.05 mara nyingi zimechanganywa na dawa nyingine inaitwa setilpiridini (kwenye chupa tafuta herufi CPC) ili kusaidiana.

Kuna kitu hapa watu hawakiulizi, kwa nini kuongeza nguvu hakuongezi kazi? Klorheksidini ina chaji chanya, meno na ngozi ya ndani ya mdomo vina chaji hasi, kwa hiyo ukisukutua dawa inanata, kama theluthi ya ulichosukutua inabaki imeng'ang'ania, alafu inaachia kidogo kidogo kwa muda wa saa 12 hivi. Ndo maana ni asubuhi na jioni. Sasa sehemu za kunatia zikishajaa, dawa ya ziada unaitema tu kwenye sinki. Ukipita miligramu kama 20 unachoongeza ni uchungu na madoa, kwa hiyo yule anayesukutua mara nne kwa siku akidhani anawahi kupona anajitesa bure.

Madoa, ladha na mambo mengine

Nianze na langu. Niliambiwa nitumie 0.2 wiki mbili, nikaona mdomo unahisi msafi nikaendelea mpaka ya sita, siku moja napiga picha naona meno ya chini kwa ndani yamekuwa kahawia kama mtu aliyetafuna tumbaku ujana wake wote. Hayakuoza, ni doa la juu, daktari aliyasugua yakarudi. Doa linatokea kwa sababu dawa iliyonata inashikana na rangi za chai, kahawa na divai nyekundu, na kadri unavyokunywa hivyo vitu ndo unavyopaka. Linaanza kuonekana vizuri kuanzia wiki ya nne, kwa wengine mapema zaidi, na ulimi pia unabadilika rangi. Zote mbili, 0.2 na 0.12, zinachafua, usidhani ukishuka umepona, hizi za 0.06 na 0.05 ndo afadhali. Kuna zilizowekewa kitu cha kuzuia madoa, zinasaidia kwa kiasi, ingawa kuna wasiwasi kwamba kinachozuia doa kinaweza pia kupunguza kazi ya dawa.

Ladha nayo inapotea kwa muda, hasa chumvi. Unaonja chakula unaona hakina chumvi unaongeza, kumbe ni mdomo wako, waliokaa mezani wanakuangalia tu. Ukiacha dawa inarudi. Pia ile jiwe ya meno inaweza kuongezeka, wengine ngozi ya ndani inachubuka, na mara chache sana tezi za mate zinavimba. Mzio mkali upo, ni nadra lakini ni wa hatari, kwa hiyo kama ulishawahi kuvimba au kutoka upele kwa dawa yoyote ya kusafishia ngozi yenye klorheksidini, mdomoni usiiweke kabisa, ya nguvu yoyote ile.

Muda wa kawaida ni wiki 2 mpaka 4 alafu unapumzika, isipokuwa daktari amesema vinginevyo.

Spiriti isikudanganye pia. Baadhi ya 0.12 zina alkoholi kama asilimia 11.6, nyingine hazina kabisa, na zisizo na alkoholi zinafanya kazi vizuri tu. Ule moto unaosikia ukisukutua si dawa inayopigana na bakteria, ni spiriti inakuchoma. Mwenye mdomo mkavu, mwenye vidonda, aliyeacha pombe, wote hao wachukue isiyo na alkoholi bila kujiuliza mara mbili.

Hizi nyingine zisizo klorheksidini

Mafuta ya mimea kwanza, zile za aina ya Listerine zenye thaimoli, mentholi, yukaliptoli na methili salisileti. Ya zamani kabisa ina alkoholi zaidi ya asilimia 20, siku hizi zipo zisizo nayo. Unasukutua mililita 20, sekunde 30, mara mbili. Kwenye ukoga klorheksidini inaishinda. Ila kwenye kuvimba kwa fizi, ukiangalia matumizi ya wiki 4 na kuendelea, tafiti zilipounganishwa hazikuonyesha tofauti ya maana kati yao, na hii inachafua meno kidogo sana ukilinganisha. Kwa hiyo mtu anayetaka ya kila siku kwa miezi, hii ndo inayoleta maana, mradi mdomo wako unastahimili.

CPC, kwa kawaida 0.05 mpaka 0.07%. Hii ni ya upole, inanata kidogo tu, baada ya saa chache imeshaisha nguvu, kwa hiyo usiitegemee peke yake baada ya upasuaji. Madoa yapo ila kidogo. Nzuri kwa asiyetaka kuungua mdomo na ambaye mswaki anapiga vizuri lakini kuna sehemu zinamshinda, mfano mwenye waya wa meno. Kati ya 0.05 na 0.07 sikiliza tu mdomo wako.

Haidrojeni peroksaidi ya 1.5%, inatoa mapovu, watu wanaipenda kwa sababu wanaona kitu kinatokea. Chupa ya 3% unaichanganya na maji sawa kwa sawa unapata hiyo 1.5. Kwa siku chache tu mdomo ukiwa na vidonda sawa, kwa ukoga wa kila siku sioni kwa nini. Na usiwahi kuchukua ile ya nguvu kubwa ya saluni au ya viwandani, inaunguza nyama.

Povidoni ayodini 1% ni ya koo zaidi, kwa ukoga haifikii. Mwenye matatizo ya tezi ya thairoidi, mjamzito au mwenye mzio wa ayodini aiache.

Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Hayana asilimia ya kujisifia, yanatuliza, yanaosha mabaki ya chakula, baada ya kung'oa jino (ikishapita siku ya kwanza, usisukutue kabla utaondoa damu iliyoganda) ni mazuri sana. Ila kuzuia ukoga kama klorheksidini hapana.

Na ile ya floraidi 0.05% msiiweke kwenye hili kundi, hiyo ni ya kuzuia meno kutoboka, fizi haizihusu sana.

Soma lebo kama mtu mzima

Kuna chupa zimeandikwa kwa mtindo wa kutisha, "klorheksidini glukoneti ya 20%, imezimuliwa hadi 0.2%". Ile 20 ni malighafi ya kiwandani, kilichomo ndani ni 0.2, usikimbie. Ila kinyume chake ndo hatari: klorheksidini inauzwa pia kwa nguvu ambazo si za mdomo. Ya 4% ni ya kunawa mikono na ngozi kabla ya upasuaji. Ya 7.1% ni ya kitovu cha mtoto mchanga. Ya 0.5% iliyochanganywa na spiriti nyingi ni ya ngozi kabla ya kuchoma sindano. Jina ni moja, matumizi tofauti kabisa, na mtu akiambiwa dukani "klorheksidini tunayo" anaweza kuondoka na isiyo yake. Isipoandikwa kwamba ni ya mdomo usiiweke mdomoni, hata uzimue vipi.

Kosa linaloweza kupunguza nguvu ya dawa

Dawa ya meno. Nyingi zina kile kinachotoa povu, sodiamu laurili salfeti, ambacho kina chaji hasi. Klorheksidini ina chaji chanya. Vikikutana vinaweza kushikana vyenyewe kwa vyenyewe, dawa ikapungua nguvu ya kunata kwenye jino, ingawa tafiti hazikubaliani kama mdomoni hilo lina uzito. Piga mswaki, sukutua maji vizuri, subiri angalau nusu saa, wengine wanashauri hata muda wa saa mbili, ndo usukutue. Au tenganisha kabisa, mswaki wakati mmoja dawa wakati mwingine. Na ukimaliza kusukutua usimeze, tema, usiongeze maji juu yake hata kama uchungu unakusumbua, na usile wala kunywa kwa kama nusu saa. 

Kwa hiyo unachukua ipi

Umetoka kwa daktari wa meno na kidonda kibichi, huwezi kupiga mswaki: 0.2 au 0.12, siku alizokwambia, basi. Fizi zimevimba zinatoka damu, meno yana jiwe: kwanza yakwanguliwe, alafu 0.12 kwa wiki mbili huku unarudi kwenye mswaki taratibu. Unamhudumia mzee au mgonjwa asiyeweza kujipiga mswaki: hapo ongea na daktari kuhusu 0.12 au 0.06 isiyo na alkoholi kwa muda mrefu, na ukipaka kwa pamba au mswaki laini ni salama kuliko kumpa asukutue kama anapaliwa ovyo. Uko vizuri tu, unataka nyongeza ya kila siku: mafuta ya mimea au CPC, klorheksidini iache kabatini. Watoto chini ya miaka 6 hawapewi mauthiwoshi maana wanameza, na klorheksidini kwa walio chini ya miaka 12 iwe daktari ndo amesema.

Na kama kuna usaha unatoka kwenye fizi, jino linacheza, fizi zinashuka meno yanaonekana marefu, au damu haijaacha baada ya wiki mbili za usafi mzuri, weka chupa chini. Hapo huenda ugonjwa umeshaingia kwenye mifuko chini ya ufizi, na maji ya kusukutua ya nguvu yoyote hayafiki huko.